Ngumi ya Mpiga Kengele

Hagenbeke, 9 Oktoba 2016

Kwa Machteld, mwanangu,

Nakusalimu. Natumaini mvua ya Bergen haijakuozesha. Mimi ni mzima, na nyumba ni nzima, isipokuwa bomba la jikoni linalovuja. Nimelifunga kwa kitambaa hadi fundi apatikane.

Habari ya kwanza ni ya mnara. Kengele zetu zote zilishushwa mwezi uliopita, zikapangwa uwanjani kwa ukubwa wake, kama watoto wa darasa wanaosubiri kupigwa picha. Watu walizishikashika. Sikupenda. Zitasafishwa, tatu zitatengenezwa upya, na zote zitarudi juu kabla ya Pentekoste. Siku hiyo meya na askofu watakuwapo, na mji utazisikia tena kwa mara ya kwanza.

Diwani Ghislain amenijia mara mbili. Anasema mafundi wataleta pia mtambo wa kompyuta unaoweza kupiga kengele bila mtu. Anataka nimwambie kabla ya mwisho wa Februari kama siku ya Pentekoste nitapiga mimi au utapiga mtambo. Nafikiri huenda mtambo ukafaa. Nina miaka sitini na saba. Mtambo hauchoki, wala haupandi ngazi.

Utaona kwamba barua hii nimeipiga chapa. Nimenunua kompyuta kwa ajili ya unadhifu.

Baba yako,
Rombaut Claerhout


Bergen, 17 Oktoba 2016

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye mvua. Sijaoza bado. Kazi ni nyingi, afya ni njema, na jirani yangu amenifundisha kupika supu ya samaki ambayo ungeila bila kulalamika.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikimtafuta baba yangu ndani yake. Mtu niliyemjua, alipokuwa bado mwalimu wa shule, alimrudishia mtoto wa Cyriel mwoka mikate insha nzima kwa sababu ilikuwa imepigwa chapa. Ulimwambia, "Mashine yako imeandika vizuri, ipe pongezi zangu. Sasa nenda ukaandike ya kwako." Mtu huyo alikataa hata redio isiingie mnarani. Leo ananiandikia kwa kompyuta kwamba mtambo haupandi ngazi.

Kisha nikatazama saini. Umeandika jina lako kamili, kana kwamba mimi ni benki, na herufi zinayumba kama za mtu aliyeandika ndani ya gari.

Basi nakuuliza kama ninavyowauliza wagonjwa. Je, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi? Unaamka usiku ukiukung'uta mkono kama muuguzi anayekung'uta kipimajoto? Vikombe vinakuponyoka? Kidole kidogo je, kizima?

Nina haki ya kuuliza. Nimekulia chini ya mnara ule. Kila ulipomaliza kupiga, uliigusa kengele iliyo ndogo kuliko zote, mara moja tu, polepole. Mama alikuwa chini jikoni. Alikuwa akisema, "Baba yako anashuka," kisha anaweka viazi motoni. Mji mzima haukujua maana ya pigo lile. Tuliijua sisi watatu. Tangu tulipomzika hujalipiga tena, nami sijakuuliza sababu. La mkono nakuuliza.

Mwanao,
Machteld


Hagenbeke, 2 Novemba 2016

Kwa Machteld,

Nakusalimu. Jana, Sikukuu ya Watakatifu Wote, nilikwenda makaburini pamoja na mji mzima. Maua ya mama yako ni meupe mwaka huu. Mimi ni mzima, isipokuwa lile uliloliuliza.

Jibu la maswali yako yote ni ndiyo, na kidole kidogo ni kizima. Hicho ndicho kilichonipoteza. Wewe unajua kwamba sisi hatupigi kengele kwa vidole kama mpiga piano. Tunakunja ngumi na kushusha vigingi vya mbao kwa ubavu wa mkono, upande wa kidole kidogo. Hapo ndipo penye sugu, hapo ndipo tunapovaa kipande cha ngozi. Kila mpiga kengele anajua kwamba mnara ukimdhuru, utamdhuru hapo. Kwangu ulikufa ganzi upande wa pili, upande wa gumba, ambao haugusi chochote. Nikaamua kwamba mnara hauhusiki. Nililaumu jembe la bustani. Kisha nikaulaumu mto wa kulalia, nikanunua mwingine.

Katikati ya Agosti, nilipokuwa nikipiga wimbo wa kufunga, mkono wa kulia ulinipotea. Nilikuwa nauona, lakini haukuwa wangu. Nikagonga kengele isiyokuwamo katika wimbo. Uwanjani watu walikuwa wakila kome na chipsi, na hakuna aliyeinua kichwa. Mimi nilisikia.

Nimekwenda hospitali. Wamenipitishia umeme mkononi, wakasema mshipa wa fahamu unapitisha vyema kwa mtu wa umri wangu. Wakanipaka jeli yenu ya baridi na kunitazama kwa mashine yako ya ultrasaundi. Wakasema mshipa haujavimba kupita kiasi. Basi ni uzee.

Mezani kwa Cyriel hawakuniacha. Fons, jirani yangu wa meza ile, alipaza sauti hadi wanaonunua mikate wakageuka. "Rombaut, nasikia umepigwa ultrasaundi. Hongera, bwana. Wa kiume au wa kike?" Nikamwambia ni mapacha, na kila mmoja ana akili kuliko yeye.

Sikukuambia mapema kwa sababu mashine ile ni kazi yako, nayo imesema sina kitu. Uliacha kengele ukaenda kuishika. Nilitaraji ingekuwa na macho zaidi.

Baba yako,
Rombaut Claerhout


Bergen, 13 Novemba 2016

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa umelala vizuri walau usiku mmoja. Mimi ni mzima. Sentensi yako ya mwisho niliiacha mezani hadi ilipopoa. Sasa najibu kikazi.

Walikulaza mkono kwenye mto, kiganja juu, vidole vimelegea. Sikuwapo, lakini najua, kwa sababu ndivyo inavyopasa na ndivyo ninavyofanya mwenyewe. Waliokupima hawakukosea. Walipima mkono wa mtu anayepumzika. Mimi sijawahi kukuona ukipiga kengele huku umepumzika.

Kumbuka kifungo. Nilipofika miaka kumi ulikata kifungo cheusi kwenye koti kuukuu la Mama, ukaniwekea kiganjani, ukaniambia nikunje ngumi na nipige somo zima bila kukiangusha. Kikianguka tulianza upya. Wanafunzi wako wote walipiga kwa kifungo, kama ulivyopiga wewe kwa mwalimu wako. Hata leo, bila kifungo, ngumi yako inakikaza.

Sasa nikueleze kilichomo. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama handaki. Sakafu yake ni mifupa, na paa lake ni utepe mgumu. Ndani mnapita kano za vidole, zimebanana, pamoja na mshipa wa fahamu unaolisha gumba na vidole vilivyo jirani nalo. Kidole kidogo kina mshipa wake mwingine, unaopita nje ya paa, ndiyo maana ni kizima. Humo hamna nafasi ya kitu cha ziada. Nataka kuona kama kuna kinachoingia unapokunja ngumi. Huenda hakuna. Siahidi.

Njoo Bergen. Nimekaa huku miaka tisa na hujaona hata mlango wangu. Chumba kipo. Mkate ni mgumu kuliko wa Cyriel, ila siagi ni nzuri. Leta ngumi yako kama ilivyo.

Mwanao,
Machteld


Hagenbeke, 29 Januari 2017

Kwa Machteld,

Nakusalimu. Nimefika salama, bomba la jikoni bado linavuja, na mimi ni mzima kama ulivyoniacha uwanja wa ndege. Naandika kwa mkono wa kushoto kwenye kompyuta, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Nataka kuandika nilichokiona katika chumba chako cha hospitali, kwa maana wewe ulikuwa unatazama kioo cha mashine, hukunitazama mimi.

Ulinilaza kitandani. "Legeza bega, Baba."

"Limelegea."

"Limelegea kama mlango wa benki."

Ulinipaka jeli, ukaweka kichwa cha mashine juu ya kifundo cha mkono, ukanionyesha mshipa wenyewe. Nilitaraji uzi. Nikaona kitu kama sega dogo la nyuki lililokatwa na kuwekwa gizani. Ulisema, "Kila unachokigusa kwa gumba kinapita humu." Ukaupima, ukaniambia vipimo vya hospitali yetu vilikuwa sahihi kabisa. Nilipenda kwamba hukuwasema vibaya watu wasiokuwapo.

Kisha ukatia mkono katika mfuko wa koti lako jeupe, ukatoa kifungo. Cheusi, chenye matundu manne.

"Umekipata wapi?"

"Nilikiiba siku niliyoacha masomo yako."

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Nilikitafuta kila mahali, hata chini ya kabati la mama yako.

"Shika," ukasema. "Kunja ngumi. Kaza kama unashusha kengele kubwa."

Nilikaza. Pale kwenye kioo, kutoka upande wa kiganja, vipande vyeusi vikaanza kuingia chini ya paa, kama watu wanaosukumana kwenye mlango mdogo wa kanisa mvua inapoanza. Sega langu likasukumwa juu, likabanwa kwenye paa hadi likawa bapa kama jani. Nilipofungua mkono, vipande vikatoka, nalo likarudi umbo lake. Nikakunja tena, vikaingia tena. Ulinieleza kwamba ni misuli midogo inayosaidia kukunja vidole. Kwa watu wengi hukaa kiganjani. Yangu ni minene kwa kazi, na kila nikikaza ngumi inavutwa hadi ndani ya handaki. "Miaka arobaini," ukasema.

Wakati huo nilikuwa nautazama mkono wako ulioshika mashine. Kifundo kilikuwa kimelegea, kiwiko kimetulia, na uzito umeachwa ushuke wenyewe. Hukubonyeza. Mkono ulikuwa unasikiliza. Sikusema kitu pale. Nakiandika hapa.

Uliyoyasema baadaye mezani ni jambo jingine. Kwamba daktari akilikata lile paa handaki litapanuka, lakini nikirudia ngumi ileile huenda misuli ikarudi palepale. Kwamba nijifunze kupiga kwa mkono uliolegea, kama vijana. Unajua jina nililowapa: wapapasa paka. Nimewacheka tangu hujazaliwa. Nilikuambia afadhali mtambo. Ukanijibu, "Basi mtambo na upige, ila usiuambie mji kwamba ni mkono uliokushinda." Tukaagana kama watu waliokutana kwenye foleni.

Februari inakaribia, na sina jibu la kumpa diwani.

Baba yako,
Rombaut Claerhout


Bergen, 6 Februari 2017

Baba mpendwa,

Nafurahi kwamba ulifika salama. Hapa kumeanguka theluji, ninateleza kila asubuhi, lakini sijavunjika.

Picha zako nimezituma kwa daktari wa upasuaji wa hospitali ya kwenu. Amezitazama, akaniuliza maswali mazuri, na amekubali. Anasubiri neno lako tu.

Nisijitwalie sifa isiyo yangu. Jambo tuliloliona halikugunduliwa na mimi. Wengine wamekwisha kuliandika, nami nilikuwa nimelisoma. Lakini tangu ulipoondoka nimeongeza swali moja kwa kila anayekuja na mkono wenye ganzi: "Mikono yako hufanya nini siku nzima?" Kisha namwambia afanye hivyo hivyo mbele ya mashine. Jana mkata samaki wa sokoni alilala kitandani akashika kisu kisichokuwapo. Aliona aibu kidogo. Nikamwambia kwamba baba yangu alinishikia kifungo. Wenzangu wawili wameanza kufanya vilevile, na kipimo hicho wanakiita ngumi ya mpiga kengele. Nilidhani utapenda kujua.

Uliandika kwamba niliacha kengele nikaenda kuishika mashine hii. Hujawahi kuuliza kwa nini. Juu mnarani sikupenda kupiga kama nilivyopenda kusikiliza. Ulikuwa ukigonga kengele mbili na kuniuliza ipi imechafuka sauti, nami nilikuwa najua kabla hujainua mkono. Mashine yangu hupeleka sauti ndani ya mwili, sauti ambayo sikio haliipati, kisha inasubiri mwangwi. Kutokana na mwangwi huo tunapata picha. Kila siku ninapokaa pale nafanya kazi niliyoianza kwako.

Ngumi yako siidharau. Imenilisha, imenisomesha, na mji mzima umeoa na kuzika chini yake. Ila wale unaowacheka hawapapasi paka yeyote. Wanauacha mkono uanguke. Nawe ulijua kufanya hivyo. Ulifanya kila siku, kwa pigo moja, mwisho kabisa. Kengele ndogo hukuipiga kwa ngumi. Uliufungua mkono ukaigusa kwa vidole. Nilikuwa nimeketi kando yako kwenye benchi, niliona.

Amua mwenyewe. Nitaheshimu uamuzi wowote, hata ukiwa wa mtambo.

Mwanao,
Machteld


Hagenbeke, 25 Februari 2017

Kwa Machteld,

Nakusalimu. Mimi ni mzima.

Jana nilikwenda ofisini kwa diwani Ghislain, nikamwambia mtambo ubaki sandukuni siku ya Pentekoste.

"Una hakika, Mzee? Askofu atakuwapo."

"Askofu hatajua tofauti. Kengele zitajua."

"Na mkono ukishindwa?"

"Mtasikia ukimya. Huo nao utapigwa na mtu."

Alicheka, lakini aliandika.

Upasuaji ni tarehe tisa Machi. Fons ameniuliza kama nitajifungua kwa njia ya kawaida. Usitegemee barua kwa muda.

Baba yako,
Rombaut Claerhout


Bergen, 30 Machi 2017

Baba mpendwa,

Natumaini nyuzi zimetolewa na kidonda kimefunga. Mimi ni mzima, na theluji inayeyuka.

Daktari ameniambia kila kitu kilikwenda vizuri. Kwako sijapata neno. Najua mkono umefungwa, lakini una wa kushoto na una kompyuta nadhifu. Simu huipokei. Nilimpigia Cyriel, akasema, "Yuko mzima, ana hasira, ananunua mkate uleule." Niliposema nataka zaidi ya hapo, akasema ameagizwa asiseme zaidi ya hapo.

Vichezeshe vidole kila siku, hata vikikataa. Usibebe chochote kizito, na bomba la jikoni mwachie fundi.

Mwanao,
Machteld


Bergen, 2 Mei 2017

Baba mpendwa,

Salamu. Miti ya huku imechipua, mimi ni mzima, na wewe bado umenyamaza.

Nimeomba ruhusa ya kuja Pentekoste, imekataliwa. Wenzangu wawili wako likizo ya uzazi, na zamu ya mchana wa sikukuu ni yangu. Nitakuwa nimefika nyumbani kabla hujaanza kupiga. Cyriel ameahidi kuiweka simu yake kwenye dirisha la duka ili nisikilize.

Kama umebadili nia, niambie. Kama mkono haukurudi, niambie pia. Niliona mshipa ule ukibanwa kwa miaka mingi katika dakika moja. Najua kwamba mishipa mingine hairudi. Kama kinachosikika siku hiyo ni mtambo, sitapungukiwa na baba. Ila nisiujue ukweli kupitia kwa Cyriel.

Mwanao,
Machteld


Hagenbeke, 6 Juni 2017

Mwanangu Machteld,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia.

Hati unaiona. Si ile ya zamani, na herufi g inaanguka mstari wa chini, lakini ni yangu. Siku niliyotoka hospitali niliapa kwamba barua itakayokufikia haitapigwa chapa. Mwezi Machi kalamu haikushikika. Aprili niliandika jina langu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mei nilikuandikia barua mbili, nikazichana kwa sababu ya hati. Cyriel aliniambia una wasiwasi. Nikamwambia aendelee kukujulisha kwamba ninanunua mkate. Sasa naona ningeweza kumruhusu aseme zaidi.

Ganzi imeondoka. Ilianza kuondoka usiku uleule. Nililala hadi asubuhi, nikaamka nikidhani nimekufa. Ncha ya kidole cha kati bado imelala kidogo. Daktari ameniambia niivumilie. Ninaivumilia.

Aprili niliketi hapo sebuleni kwenye kinanda cha mazoezi, chenye vigingi kama vya mnarani. Kile kifungo, nilichorudi nacho kutoka Bergen, nilikiweka kiganjani, nikakunja ngumi, kwa mazoea tu. Kisha nikakumbuka ile picha, nikafungua mkono. Kifungo kikaanguka sakafuni katikati ya wimbo. Nilisimama. Nilitaka kuanza upya, kama nilivyowaanzisha ninyi nyote. Sikuanza upya. Niliendelea. Kilibaki chini ya kinanda hadi mwisho wa Mei, na mimi nilikuwa nikipapasa paka kila asubuhi huku mapazia yamefungwa, Fons asinione.

Juzi nilipanda ngazi. Uwanja ulikuwa umejaa. Nilianza kwa wimbo wa mji, nikafuatisha ngoma ya waoka mikate ambayo Cyriel huidai kila mwaka, kisha ule wa polepole aliokuwa akiupenda mama yako. Mwisho nikapiga wimbo wa kufunga, uleule wa Agosti. Mahali nilipopotea nilipita. Mkono ulikuwa wangu kuanzia begani hadi kucha.

Diwani alipanda hadi juu akihema. "Mzee, nani aliyekutengeneza mkono huu?"

"Aliyekata ni daktari. Aliyeona ni mwanangu."

"Naye ni daktari?"

"Hapana. Anasikiliza mwangwi."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akashuka.

Jioni tuliketi kwa Cyriel. Alileta bia mwenyewe, akaniambia, "Rombaut, maisha yangu yote nasikia kengele kubwa na kengele ndogo. Leo nimesikia za katikati. Zilikuwa wapi?" Nikamwambia zilikuwa palepale, aliyekuwa anazifunika ni mimi.

Fons akatoa picha ya mjukuu wake atakayezaliwa Septemba, kivuli chenye pua, akaipitisha meza nzima. Nami nikafungua pochi. Picha zako mbili ninazo humo tangu Januari: mshipa wangu mkono ukiwa wazi, na mshipa wangu mkono ukiwa ngumi. Niliziweka katikati ya meza, nikawaeleza paa, sakafu, na wanaosukumana mlangoni. Nilieleza mara mbili, kwa maana mke wa Fons alichelewa kufika.

"Wangu ana pua," akasema Fons.

"Wangu ametazamwa na mtu anayejua anachokitazama," nikamwambia. "Huko Bergen wanawapima wagonjwa kwa ngumi yangu. Mwanangu ndiye aliyewafundisha."

Akaivuta karibu picha ya ngumi, akaniomba nieleze mara ya tatu.

Niliandika Novemba kwamba nilitaraji mashine yako ingekuwa na macho zaidi. Macho hayo ni yako. Ninajivunia wewe, Machteld. Sentensi hii sijawahi kuiandika. Nimeikagua, haina kosa.

Bomba la jikoni limetengenezwa.

Baba yako


Bergen, 14 Juni 2017

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kuliko nilivyokuwa tangu Machi.

Hati nimeisoma mbele ya wenzangu kazini, wakaipitisha mkono kwa mkono ingawa hawajui lugha yetu. Niliwaonyesha herufi g, tukakubaliana kwamba mshipa unafanya kazi. Sentensi uliyoikagua sikuwasomea. Hiyo nimeiweka mfukoni mwa koti langu jeupe, mahali palipokuwa na kifungo.

Umeniandikia kila ulichokipiga juzi ile: wimbo wa mji, ngoma ya waoka mikate, wimbo wa Mama, wimbo wa kufunga. Kimoja hukukiandika.

Nilikuwa nimerudi kutoka zamu, nimesimama jikoni bado nimevaa viatu, simu iko mezani. Nilimsikia Cyriel akiwakemea watu, "Nyamazeni, Machteld anasikiliza." Wimbo wa kufunga ulipokwisha, watu walipiga makofi uwanjani, makofi ambayo wewe kule juu huyasikii kamwe. Cyriel akasema, "Haya, kwaheri binti, ndiyo mwisho." Nikamwambia asubiri. Akasema hakuna zaidi, watu wanaondoka. Nikamwambia asubiri.

Ikalia. Mara moja, polepole, kwa vidole.

"Hiyo imemponyoka, mzee wa watu," akasema Cyriel. "Si kitu. Amepiga vizuri."

 Nilijaza maji sufuriani, nikaweka viazi motoni.

Mwanao,
Machteld